Siku Mshale Ulipoingia Kwenye Nyekundu

Wawira, mama yangu,

Barua njema huanza kwa salamu na kuulizana hali, lakini mimi na wewe tumesalimiana leo asubuhi kando ya pipa la maji, na hali yako naijua bila kuuliza. Chapati yako ya jana uliwatupia kuku ukidhani sikuoni. Hali yangu nayo unaijua. Tangu Jumatatu nimekuwa nikigongagonga spana chini ya pikapu, na pikapu yenyewe haina ubovu wowote.

Sasa umepanda Kianjokoma kumuaga cucu yako, mama aliyenizaa. Mimi nimefunga gereji mapema, nimekaa kwenye kile kiti cha lori tulichoking'oa, ambacho wateja hukipigania, na ninaandika kwa kalamu yako ya shule. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, shule yangu iliishia kidato cha pili, ikanifundisha kuandika Kiswahili na Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha vipuri tu. Pili, haya mambo nikiyaandika kwa Kiembu chetu cha nyumbani, nitalia kabla ukurasa haujaisha, na karatasi zimeshachafuka vya kutosha kwa grisi.

Sitakuambia habari za kuficha nauli kwenye soksi, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala kumkwepa mtu anayekununulia soda kabla hajakuuliza jina. Shangazi yako amekuimbia hayo wiki nzima mpaka nikakuonea huruma. Habari za ualimu unaoenda kusomea sizijui. Nitakuandikia habari za gari, kwa sababu ndicho kitu ninachokifahamu, na kwa sababu kuna siku moja ndani ya gari ambayo mimi na wewe hatujawahi kuizungumza hata kwa neno moja.

Wiki iliyopita nilimpelekea cucu yako sukari na majani ya chai, ingawa chai anailima mwenyewe. Nilimkuta akimkatia ng'ombe nyasi. Hakunikaribisha hata kiti. Aliniuliza, "Njeru, unajua kwa nini mtoto wako anaenda kusoma mbali namna hiyo, ng'ambo ya Bonde la Ufa?"

Nikamwambia ndiko ulikopata nafasi.

"Hata Meru alipata," akasema. "Barua ya Meru aliichoma kwa hili jiko langu. Ameniambia hata likizo hatarudi, atatafuta kazi hukohuko. Na nilipomuuliza mbona anamtoroka baba yake, unajua alinijibu nini? Alisema yeye ndiye aliyemuua mama yake. Ati alikuambia usimame, ukasimama."

Wawira, nilikaa chini palepale kwenye nyasi za ng'ombe. Cucu yako alidhani nimeugua, akaanza kuniita kwa jina la utoto wangu. Miaka yote hii nilidhani hupendi kiti cha mbele kwa sababu umekuwa msichana mkubwa na hutaki harufu ya mafuta. Nilidhani unapanda nyuma, hata mvua ikinyesha, kwa sababu unapenda upepo. Nilikununulia hata ile turubai ya kujifunika. Hebu fikiria, nilikununulia turubai.

Kwa hiyo leo nitasema yote, na nitaanza mbali kidogo, kabla hujazaliwa.

Nilipokuwa kijana nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Runyenjes, tukibeba mahindi na mbao. Nilijiona mimi ndimi mimi. Siku moja nikipanda kutoka mtoni, mshale wa geji ya joto ulianza kupanda. Utingo akaniambia, "Dereva, linachemka hili." Nikamjibu kwamba geji za malori ni mapambo, mwanamume huendesha kwa masikio. Nikaendelea. Tulipofika juu moshi mweupe ulikuwa umejaa barabarani, na kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka. Tajiri hakunipigia kelele. Alinitazama tu, akanyoosha mkono nimpe funguo. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa kuogopa mshale kuliko padri anavyoogopa dhambi.

Ndiyo maana nilikufundisha kuutazama. Ulikuwa bado mdogo, miguu yako haifiki chini. Ulikaa katikati, mama yako dirishani, nami nikakupa kazi. Nilikuambia, "Mama, mimi natazama barabara, wewe tazama mshale." Nilikuita mama tangu siku uliyozaliwa, kwa sababu una jina la mama yangu, na ulilibeba jina hilo kwa ukali wake wote. Kila tukipanda kilima nilikuuliza, "Mama, mshale uko wapi?" Nawe ulijibu bila kupepesa macho, "Uko katikati, Baba." Mama yako Marigu alikuwa akicheka. Alisema gari letu lina madereva wawili na abiria mmoja tu wa kulipa.

Na ile njia ya kwenda kwao Kiambere ilihitaji mlinzi. Wewe unaijua. Kushuka ni raha, unateremka kwenye joto mpaka unaona maji ya bwawa. Kurudi ndiko kilio. Kila gari linalopanda kutoka kule huchemka kabla ya Kiritiri, na kila dereva husimama pale penye mawe meupe, anafungua boneti, anatafuna majani yake ya muguka, anangoja, anamimina maji, anaondoka. Watu husimama pale hata gari likiwa zima. Nimewahi kumwona dereva mwenye gari jipya kabisa amesimama. Nilipomuuliza tatizo ni nini, akasema, "Si hapa ndipo tunasimamanga?" Nilimcheka sana. Wala sikujua nilikuwa namcheka nani.

Likizo ile ya Agosti, ulipokuwa darasa la tano, tulishuka Kiambere kuwasaidia wajomba zako kupura ndengu. Mama yako alianza homa. Akameza vidonge vya dukani, homa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Asubuhi ya siku ile nilimshika paji la uso, nikakuta limepoa. Nikasema, afadhali. Nilifurahi, hata nikaenda kuangalia mbuzi aliyekuwa akiuzwa jirani. Niliporudi, mjomba wako alinishika mkono akanivuta kando. "Mwangalie mkeo," akasema. "Ameniita kwa jina la baba, na baba alikufa kitambo." Nilimkuta Marigu amekaa amenyooka, mtulivu kabisa, anakunja shuka ileile, anaikunjua, anaikunja tena. Joto hakuwa nalo. Mimi niliyajua magari, sikujua kwamba hata mgonjwa anaweza kupoa kwa sababu mbaya.

Tukampakia. Wewe katikati, yeye dirishani na blanketi. Mawingu yalikuwa mazito na kabaridi ka Agosti kalikuwa kameshuka mpaka kule chini, jambo ambalo si la kawaida. Niliendesha kwa kasi. Pale kwenye kile kijito kikavu niliingia vibaya, gari likaruka, vichwa vyetu vikagonga paa, mama yako akaguna. Hatukufika mbali.

"Baba," ukasema, "mshale!"

"Uko wapi?"

"Umeingia kwa red, Baba. Wote umeingia."

Nikautazama. Ulikuwa umelala mwisho kabisa, kwenye nyekundu. Mbele yetu tu yalikuwa mawe meupe. Mguu wangu ulikanyaga breki kabla akili haijaulizwa.

Sasa nataka ukumbuke kitu ambacho nadhani umekisahau, kwa sababu ulikuwa umeshughulika na mshale. Mama yako aligeuza uso akaniuliza, "Baba Wawira, mbona umesimama?"

"Gari linachemka."

"Mimi sisikii likichemka," akasema. "Hata halinuki."

Mgonjwa yule, aliyekuwa hajui mwaka wala mwezi, alisikia kwamba injini haichemki. Fundi hakusikia. Nikamjibu, "Wewe pumzika, Mama Wawira. Kawia ufike." Hiyo methali niliisema kwa sauti ya upole, kama mtu mwenye busara. Mpaka leo nikiisikia kanisani au sokoni, huondoka pale nilipo nikatafuta kazi nyingine ya kufanya.

Nilifungua boneti lakini mfuniko wa rejeta sikuugusa. Nilikuwa nimemwona fundi mwenzangu akichomwa uso na maji ya rejeta, na nilijiambia nikiungua ni nani atawapeleka. Tukangoja. Kila nikiona tumengoja vya kutosha, nilirudi ndani nikawasha swichi, na mshale uliruka moja kwa moja kwenye nyekundu. Nikazima. Nikangoja tena. Hakuna gari lililopita. Mama yako alikuambia ufunge dirisha kwa sababu anasikia baridi, nawe ulimwambia limefungwa, naye akakuambia tena ulifunge, nawe ukajifanya unalifunga. Nilikuona. Ulikuwa mtoto mwema kiasi kwamba sijui ulitoka wapi.

Mwishowe nilichukua kitambaa, nikageuza mfuniko nikiwa nimeficha uso. Hakuna kilichoruka. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu, yametulia. Niliingiza kidole. Ungeweza kuyanawia mikono.

Hapo ndipo nilipokugeukia wewe. Ulikuwa umetoa kichwa nje kunitazama, na mimi nikakuuliza kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, "Wewe, ulikuwa unaona nini?"

Hukulia. Uligeuka ukautazama mshale, swichi ilikuwa bado imewashwa, ukanijibu polepole, "Uko hapo, Baba. Bado uko kwa red."

Na ulikuwa hapo kweli.

Nilifunga boneti kwa kishindo, tukaondoka na mshale ukiwa umelala kwenye nyekundu. Nilikuambia uufunike nisiuone. Uliweka kiganja chako juu ya kioo cha geji, ukakiweka hivyo mpaka Embu, na hukukiondoa hata nilipokuambia basi, inatosha. Hicho kiganja ndicho ninachokiota. Watu hudhani mimi humwota mama yako.

Yaliyotokea hospitalini unayajua. Hakuamka tena. Ninalotaka ujue ni kwamba kabla hatujauchukua mwili nilimfuata daktari, kijana mwembamba, amechoka kama sisi, nikamuuliza kama tungefika mapema ingekuwaje. Akaniambia, "Mzee, malaria ikishapanda kichwani huwa haingoji mtu, na tena si kila mtu inamchukua. Siwezi kukuambia ndiyo. Siwezi kukuambia hapana. Ningekudanganya." Nilimchukia kijana yule kwa miaka. Nilitaka aniambie moja kati ya hayo mawili, lolote, nilibebe nilijue uzito wake. Siku hizi nadhani alitupa kile alichokuwa nacho. Nami sitakudanganya, Wawira. Sijui kama tulimpoteza pale kwenye mawe. Hakuna ajuaye, na wewe hujui, ingawa umejihukumu kama mtu aliyeona kwa macho.

Baada ya mazishi, watu walipopungua nyumbani na wewe ukachukuliwa na cucu yako, niliivuta pikapu ndani ya gereji nikafunga lango. Nilitaka kumjua mwongo ni nani. Naomba usome hapa taratibu, kwa maana ndipo penye neno lenyewe.

Kuna kidude cha shaba kilichofungwa kwenye injini, ncha yake imezama ndani ya maji ya kupoza. Sisi gereji tunakiita sensa. Kazi yake ni kusikia joto la maji na kulipitisha kwa waya moja mpaka kwenye geji. Injini ilikuwa imelala usiku kucha, baridi kama jiwe. Niliwasha swichi tu bila kuipiga stati. Mshale ukaruka kwenye nyekundu. Hilo peke yake lingetosha kunifundisha kule njiani. Maji hayawezi kuchemka kwa kuzungusha ufunguo, na mshale wa injini iliyochemka kweli hupanda polepole, nawe mlinzi uliujua mwendo wake kuliko mimi.

Kila fundi wa hapa angekuambia sensa imekufa, itoe utupe, weka nyingine. Ndivyo tunavyofanya. Kitu kikileta habari mbaya tunakitupa. Hata zile themostati za kuzuia maji mpaka injini ipate joto tumezitupa zote, tunasema hapa si Ulaya. Mimi niliifungua ile sensa, nikachukua sufuria ya mama yako, ile ya maziwa, nikaijaza maji nikaibandika kwenye jiko la makaa. Nikaitumbukiza sensa, nikaiunga na mita ya kupimia umeme. Maji yalipokuwa baridi, ilisema baridi. Yalipopata uvuguvugu, ikasema uvuguvugu. Yalipochemka, ikasema yamechemka. Nikayaacha yapoe, nayo ikarudi chini pamoja nayo, hatua kwa hatua. Niliirudia kazi hiyo mpaka makaa yakaisha. Sensa ilikuwa nzima, Wawira. Ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo.

Nikairudisha mahali pake, lakini waya nikaiacha ikining'inia hewani, haijagusa kitu. Hapo mshale ulipaswa kulala chini kwenye baridi. Haukulala. Ulikaa kwenye nyekundu. Basi nikaifuata waya kwa vidole, inchi kwa inchi, mpaka nyuma ya injini, pale inapopita kwenye kile chuma cha kushikia betri. Ganda lake lilikuwa limelika. Shaba ilikuwa wazi, na ule mruko wa kijitoni uliibana ikalala juu ya chuma. Waya hiyo ikigusa chuma cha gari, geji huona moto hata kama kuna barafu. Nilipoiinua kwa ukucha mmoja, mshale ulishuka taratibu mpaka chini, ukatulia. Hiyo ndiyo hitilafu yote. Ningeweza kuijua palepale kwenye mawe, kwa kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono huu, au kwa kuchomoa waya tu na kuona kwamba mshale haushuki.

Na kuna baya zaidi. Wiki kabla ya safari, mshale ulikuwa ukirukaruka nikipita kwenye mashimo. Niligonga kioo cha geji kwa kidole, ukarudi, nikasema nitaangalia siku nyingine. Kinyozi hajinyoi. Magari ya watu wote wa hapa Karurumo yalikuwa mazima, isipokuwa lililobeba mke wangu na mwanangu.

Niliifunga ile waya kwa utepe mweusi, nikaihamisha mbali na chuma. Sikumwambia mtu. Kijijini walisema gari la Njeru lilichemka njiani, nami nikawaacha waseme, maana gari kuchemka ni bahati mbaya na hakuna wa kulaumiwa. Nilimwambia fundi mwenzangu Njagi peke yake, tukiwa chini ya gari. Nilisema, "Injini ilikuwa baridi kabisa. Tulisimama bure." Cucu yako ameniambia kwamba wewe ulikuwa umesimama pale na chai yetu. Sikukuona. Kikombe nilikikuta chini kando ya gurudumu, kimefunikwa vizuri, nami nikanywa.

Kwa hiyo ulijua nusu. Ulijua injini ilikuwa baridi, ukahesabu kwamba basi macho yako ndiyo yaliyokosea, au mdomo wako. Nusu ya pili ilikuwa kwangu, imefungwa kwa utepe mweusi, na sikukupa. Sikuificha kwa ubaya. Nilikuwa naona aibu mbele ya mtoto. Kila nikitaka kuanza, nilikumbuka vile nilivyokuuliza "ulikuwa unaona nini," nikaona bora nikununulie kitu. Nadhani rinda lako la kipaimara lilikuwa malipo ya hilo swali. Turubai pia.

Sasa nakujibia mimi. Ulikuwa unaona mshale uliokuwa kwenye nyekundu. Ulisema ulichokiona, kwa mtu aliyekutuma uone. Ungenyamaza, ungekuwa umevunja kazi uliyopewa na baba yako. Aliyesimamisha gari ni mimi. Aliyekataa kumsikia mama yako ni mimi. Aliyeizoea ile waya ikirukaruka ni mimi. Na hata mimi, mwanangu, nimeanza kujifunza kutojiua kwa hilo, kwa sababu ujana wangu ulipasua injini kwa kutouamini mshale, na utu uzima wangu ukasimama kwa kuuamini, na siku zote mbili nilidhani nimeshaerevuka. Sijui ningekuwa mtu gani ili nipatie siku zote mbili.

Ukiwa mwalimu, watoto watakuletea habari. Watakuambia fulani analia, fulani ameanguka, tumbo linauma, nyoka yuko chooni. Mara nyingine utaenda ukute hakuna nyoka. Nakuomba kitu kimoja tu, usije ukamwuliza mtoto yeyote lile swali langu kwa ile sauti yangu. Mimi nililiuliza mara moja, nikapoteza watu wawili siku moja, na wa pili nimekuwa nikila naye mezani bila kujua kwamba ameshaondoka.

Nimeshaanza kukukumbuka. Nilikuwa nimepanga kuliandika hili kwa namna ya kiume zaidi, lakini ndivyo lilivyo. Nyumba hii itakuwa kubwa vibaya. Sitakuambia ubaki, wala usirudi kwa kunihurumia. Nenda usome. Ukitaka kufanya kazi likizo huko, fanya. Ila usikae huko kwa sababu ya kosa ambalo si lako. Ukikaa, ukae kwa kuwa umependa, na Krismasi mimi nitampelekea cucu yako sukari yake, tutakula wawili, na tutakutaja.

Mwanga umepungua, na nasikia mbwa wakimbwekea mtu njiani, huenda ni wewe.

Kesho asubuhi nitaleta pikapu mlangoni nikupeleke Embu ukapande basi. Ukipanda nyuma na sanduku lako sitasema kitu, turubai nimeikung'uta, iko pale. Lakini mlango wa mbele nitauacha wazi. Ukikaa mbele, tukianza kupanda kile kilima, nitakuuliza swali letu la zamani, mshale uko wapi. Niambie unachokiona. Ukiniambia umeingia kwenye nyekundu, nitasimama, nitashuka, nitashika mpira wa rejeta kwa mkono wangu. Na nikikuta injini ni baridi, nitarudi ndani, nikuambie asante, mama, kisha twende.

Baba yako,
Njeru